Kichwa Kimoja, Mashine Mbili

Mume wangu ni kinyozi. Siku mwanetu alipokuja kumnyang'anya nyembe, alizifuta kwanza, akazipaka mafuta zisipate kutu, kisha akazifunga ndani ya shati lake mwenyewe, tena lile zuri la kazini. Nilimwona. Ndiyo maana sikumkasirikia sana, ingawa chai nilimpa bila sukari.

"Mama, si kwamba simwamini Mzee," akaniambia. "Ila daktari kasema."

"Kasema nini hasa?"

"Kasema ubongo umepungua."

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kile kinachozunguka. Akajizungusha polepole mpaka akatupa kisogo. "Umepungua," akauambia ukuta. "Kama mchele."

Mwanetu huyu kazi yake ni bima. Mtu wa bima akiona ngazi haoni ngazi, anaona mguu uliovunjika. Sasa akimwona mzee ameweka wembe kwenye koo la mtu, sitaki kusema anaona nini.

Mambo yalianza mwaka uliopita, Mzee alipojigonga kichwa kwenye mlango wa duka, ule wa chuma unaovutwa kutoka juu. Tulimpeleka hospitali kongwe, wakampitisha kwenye mashine ya MRI. Ni mashine kubwa yenye tundu. Mtu analazwa, anasukumwa ndani kama mkate kwenye tanuri, na sumaku inapiga picha za ndani ya kichwa. Wakasema yuko salama, tukarudi nyumbani. Mwaka huu akaanza kupata kizunguzungu. Safari hii tukaenda hospitali mpya, kwa sababu ina lifti na miguu yangu hainidanganyi tena. Wakampitisha kwenye mashine yao. Kizunguzungu kumbe kilitokana na miwani mipya. Fundi alikuwa ameweka kioo cha kulia kushoto na cha kushoto kulia. Lakini kompyuta ya hospitali ilikuwa imeshalinganisha picha za mwaka jana na za mwaka huu, ikatoa jibu kwamba Mzee amepoteza ubongo, na si kidogo.

Daktari alikuwa mwanamke mpole. Alimvutia Mzee kiti kwa mkono wake, akamwuliza habari za kazi, akacheka alipochekeshwa. "Mzee wangu, sioni dalili nyingine," akasema. "Unaongea vizuri, unakumbuka vizuri. Lakini nambari hii siwezi kuipuuza. Mpaka nijue maana yake, naomba usishike wembe."

Mzee akaitikia vizuri, akatoka pale akaenda kunyoa watu watatu.

Angeendelea hivyo kama si dada yake. Wifi yangu huyu tunamwita Kipaza. Ukimnong'oneza jambo asubuhi, mchana unaulizwa na watu usiowajua. Habari ya ubongo ikafika dukani kabla Mzee hajafika. Wateja hawakumkimbia, hilo nawashukuru mpaka leo, ila walikaa kama watu wanaovuka daraja la kamba. Fundi bomba, ambaye miaka yote alikuwa akisinzia kitini, sasa alinyolewa macho yamemtoka, mikono imekamata kiti. Mwanetu aliposikia, akaja na lile shati.

Baada ya hapo Mzee aliendelea kufungua duka kila siku. Anavaa koti lake jeupe, anapanga vitana, kisha anafagia. Anafagia sakafu isiyo na unywele hata mmoja, anakusanya hewa kwenye kibeleshi, anakwenda kuimwaga nje. Nilimtazama hivyo siku kadhaa, nikampigia simu mjukuu wetu.

Mjukuu huyu ni binti wa yule yule mwanetu wa bima. Anafanya kazi chuoni, na kazi yenyewe ni kukusanya picha za ubongo kutoka hospitali mbalimbali na kuziweka pamoja ili ziweze kulinganishwa. Mimi nilidhani anazibandika kwenye albamu. Alikuja Jumamosi, akakaa mezani, nikammiminia chai, yake na sukari.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "picha za mwaka jana zilipigwa wapi?"

"Hospitali kongwe."

"Na za mwaka huu?"

"Hospitali mpya."

Akaweka kikombe chini. "Na kompyuta ikazilinganisha hivyo hivyo?"

"Mimi nitajuaje ilizilinganisha vipi? Sikuwepo."

Akavuta mkate uliokuwa mezani, akachukua kisu. Baba yake naye alikuwepo, na Mzee alikuwa mlangoni anajifanya hasikilizi.

"Tazameni. Mashine ya zamani inapiga picha za kichwa kwa vipande vinene, hivi." Akakata kipande kama tofali. "Ile mpya imewekwa vingine, inakata vyembamba, hivi, na hivi, na hivi. Sasa, ubongo una mikunjo, na kwenye mikunjo kuna maji. Kipande kikiwa kinene, mpaka wa ubongo na maji hauonekani vizuri, kompyuta inahesabu na maji kuwa ubongo. Kikiwa chembamba, mpaka unaonekana, maji yanaachwa. Kichwa ni kile kile, lakini kwenye mashine mpya ubongo unatoka mdogo. Na hapo sijagusa nguvu ya sumaku."

"Usiiguse," nikamwambia. "Mkate umekwisha."

Baba yake akakunja mikono. "Hayo ni maneno, binti yangu. Mtu akikatwa sikio nitamwambia habari za mkate?"

"Ndiyo maana nataka kuonyesha, Baba. Tunachukua mtu mmoja, tunampitisha mashine zote mbili wiki moja, tunaona tofauti ni kiasi gani. Ninao watu waliopita, lakini wote ni wanafunzi. Vijana mikunjo yao imebana, maji ni machache. Nahitaji vichwa vya wazee. Na njia fupi kuliko zote ni Babu arudi kwenye mashine ya kwanza."

Sote tukamtazama Mzee.

"Siendi," akasema. "Mara ya kwanza walinikuta mzima. Mara ya pili wakanikuta nusu. Ya tatu watakuta mwangwi tu. Vichwa viko vingi, mke wangu mdogo, nenda kapige vingine."

Basi nikajitolea mimi. Kipaza akasema kichwa chake kisiachwe nyuma, kina mengi. Habari ikatembea, maana aliibeba yeye, na Jumapili mchana wateja watatu wa Mzee walikuja nyumbani kwangu wamevaa vizuri kama watu wanaoleta posa: fundi bomba, mwalimu mstaafu, na muuza magazeti. Fundi bomba ndiye aliyesema. "Shangazi, hiki kichwa amekitunza yeye. Kama kitamfaa, kitumieni." Akainama kidogo anionyeshe, kama kwamba ningependa kukikagua.

Jumatatu mwanetu alitupakia kwenye gari lake, safari mbili. Tulipofika hospitali kongwe, akanong'ona na binti yake, kisha akaanza kuvua saa. "Na mimi nipimwe," akasema. "Kama kosa ni la mashine, kichwa changu kitasema. Mimi sina umri wa kupungua."

Pale wanakuvua kila kitu cha chuma kwa sababu ya sumaku. Kipaza alichukua muda. Alitoa heleni, bangili, kidani, halafu pini za nywele, halafu akadhani amemaliza, halafu pini nyingine. Trei ilijaa ikaletwa ya pili. Kijana mpiga picha hakunung'unika hata kidogo, alimwambia, "Taratibu mama, sumaku haina haraka." Nilipolala mimi, akanifunika miguu na blanketi bila kuombwa, akaniwekea mpira mkononi niubonyeze nikiogopa. Ndani kelele ni za ajabu. Kwanza mtu anagonga bati, kisha cherehani, kisha bati na cherehani vinagombana. Kijana alikuwa akiniambia kwenye spika, "Bado kidogo, Bibi," na alisema hivyo hata mwanzoni kabisa, wakati bado ilikuwa sana. Nilijua ananidanganya, nikatulia.

Tulipotoka, mjukuu wetu alitukusanya kwenye benchi. "Ijumaa tunaingia mashine mpya," akasema. "Mpaka siku hiyo, tafadhali, kaeni vile vile mlivyo. Msibadilishe kitu."

Alikuwa na maana ya dawa tunazomeza na maji tunayokunywa. Lakini hakusema. Alikimbilia kazini, akatuacha wazee watano kwenye benchi na neno lake.

"Vile vile," nikasema. "Maana yake kichwani kisiongezeke kitu."

"Wala kisipungue," akasema mwalimu mstaafu.

Tukamtazama Kipaza. Alikuwa amekwisha kuweka kiganja mdomoni.

Wiki kama ile sijapata kuiona tena. Nilizima redio. Jirani alipokuja na "umesikia?" nikaanza kuimba, nikaimba mpaka akaondoka, na mimi sauti sina. Mpangaji mpya wa nyumba ya mbele alipotaka kujitambulisha, nikamwomba jina lake alitunze mpaka Jumamosi. Muuza magazeti aliuza magazeti yamepinduliwa, kichwa cha habari chini. Mwalimu mstaafu, ambaye hujaza fumbo la gazeti kila asubuhi, aliliacha katikati, na kilichomtesa ni kwamba neno alikuwa amekwisha kulijua na sasa anajizuia kulifikiri. Fundi bomba peke yake hakupata shida. Alisema yeye hajaongeza kitu kichwani tangu aoe.

Lakini Kipaza ndiye aliyeumia. Habari zilimjia kama kawaida, na kutoa hawezi, maana akitoa atapungua. Watu wakaanza kumtembelea. Mmoja aliuliza kama kuna msiba. Mwingine alimletea uji, akamnywesha kwa kijiko, naye akaunywa, machozi yanamlengalenga kwa sababu aliyemletea uji ndiye habari yenyewe.

Alhamisi alikuja kwangu kunisaidia kuchambua maharage. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, kikubwa, mpaka usoni. Tukachambua kimya kimya. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Wifi, kuna jambo," akasema.

"Usiseme."

"Linakuhusu."

Nilisimamisha mkono. Maharage yakanitoka. "Usiseme," nikarudia, ila sasa ilikuwa kwa kujilazimisha.

"Basi nikuonyeshe tu."

"Macho nayo yanaingia kichwani, wifi. Chambua."

Ijumaa tukaingia mashine mpya. Ile ni ya kisasa, imechorwa mawingu kwenye dari, lakini inapiga kelele kama mwenzake. Kipaza alitangulia, na safari hii hakuwa na pini hata moja. Nikadhani amejifunza. Mwanetu alifuata. Mpiga picha wa pale, dada mnene mwenye sauti ya kubembeleza, tulimsikia akisema kwenye kipaza sauti, "Baba, tulia. Baba, kichwa. Baba, hicho nacho ni kichwa." Alitoka amelowa jasho, anasugua pua.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilipotoka, soksi bado mkononi, Kipaza alinishika bega akanivuta kwenye kona ya korido. Nikajiandaa kwa mvua ya wiki nzima. Badala yake alifungua kitambaa.

Nywele zake zote ndefu hazikuwepo. Zilikuwa zimekatwa fupi, zimelala vizuri, kingo zimenyooka nyuma ya masikio kama zimechorwa kwa rula. Alikuwa amependeza, kusema kweli.

"Kaka alikuja kwangu Jumanne," akasema. Sauti aliishusha, na mimi sikujua kama ina kitufe cha kushushia. "Akakaa, chai hakunywa. Nikamwuliza una nini, akasema, dada, sijui kama mkono wangu bado unajua kazi, na hakuna anayethubutu kunipa kichwa. Nikamwambia daktari kakataza wembe, mkasi hakuutaja. Nikavua kitambaa."

"Ndizo nywele ulizokuwa ukizikuza tangu wajukuu wako wazaliwe."

"Zitaota," akasema. "Tazama nyuma. Sawa?"

Nilitazama. Ilikuwa sawa kabisa. Nikamshika wifi yangu pale kwenye korido, nikiwa na soksi mkononi, na tukakaa hivyo kidogo.

Wiki iliyofuata mjukuu wetu alituita dukani na kompyuta yake. Mzee alikaa kwenye kiti chake kinachozunguka, ametazama ukutani. Wateja watatu walikaa kwenye benchi la kungojea. Mwanetu alisimama.

"Naanza na Bibi," akasema mjukuu. "Bibi, kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa umepoteza ubongo karibu sawa na ule aliopoteza Babu mwaka mzima."

"Na nilijizuia," nikasema.

"Mwalimu, hivyo hivyo. Fundi, hivyo hivyo. Muuza magazeti, zaidi kidogo. Bibi Kipaza, wewe—"

Kipaza akashika kichwa kwa mikono miwili. "Ni muuza mkate," akasema. "Nilimwambia habari moja. Moja tu, tena fupi."

Mjukuu wetu akamtazama. Akanitazama mimi. "Habari gani? Inahusiana na nini?"

Tukamweleza. Mwalimu mstaafu alieleza vizuri zaidi, kwa mpangilio, akaongeza na suala la fumbo. Binti alisikiliza mpaka mwisho, midomo imebana, kisha akakaa sakafuni, akacheka mpaka ikabidi nimletee maji. "Kwa hiyo wiki nzima hamkuzungumza?"

"Tulizungumza kuhusu maharage," nikamwambia.

Alipofuta macho akainuka, akasema yote yametoka kama alivyotarajia. Mashine mpya inampunguza kila mzee kiasi kinachofanana, na sasa anajua ni kiasi gani cha kurudisha ili picha za mashine hizi mbili zisomane. Mzee alikuwa ameanza kukizungusha kiti, kidogo kidogo, kuja upande wetu.

"Na mimi?" akauliza mwanetu.

"Yako haitumiki, Baba."

"Kwa nini?"

"Ulitikisika. Picha zina ukungu kingoni."

"Pua iliwasha. Kidogo tu. Lakini kompyuta si imetoa nambari?"

"Imetoa, ila haina maana, Baba, achana nayo."

"Nionyeshe."

Akamgeuzia kompyuta. Mwanetu aliinama, akasoma, akavaa miwani, akasoma tena. Yeye, asiye na umri wa kupungua, alikuwa amepoteza kuliko sote. Alikuwa amempita baba yake, na kwa siku za wiki moja.

Kiti kikamaliza kuzunguka, Mzee akawa anamtazama mwanawe uso kwa uso, kwa upole sana.

"Umekuja na gari?"

"Ndiyo, Mzee."

"Funguo ziko wapi?"

"Mzee, hii si—"

"Sijasema kitu, mwanangu. Nauliza tu ziko wapi."

Fundi bomba alikohoa. "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji," akasema, akiiambia dari.

Mwanetu alisimama pale, mkono mfukoni, nadhani ameshika zile funguo. Nilimwonea huruma. Kisha akacheka, kicheko chake cha utotoni ambacho hukitumia mara chache tangu aingie bima, akasema, "Nimeelewa, Baba." Hamwiti Baba mara kwa mara. Humwita Mzee, kama sisi sote.

Binti alipeleka kazi yake kwa daktari, na daktari hakuona haya kuuliza, wala hakujifanya anajua. Aliwaita na wenzake waje kusikiliza, kisha akatuita sisi. Alimwambia Mzee afungue na kufunga vifungo vya shati, anyooshe mikono, avute mstari kwa kalamu. Mikono ilitulia kama meza.

"Tukiziweka picha zako kwenye kipimo kimoja," akasema, "umepungua kidogo sana, Mzee wangu. Rudi kazini. Ila mwakani uje kwenye mashine hii hii, tusisumbuane."

"Kidogo sana ni kiasi gani?"

Daktari akafikiri, akanionyesha mimi kwa kidole. "Kama yeye."

Mzee akageuka akanitazama muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa atasafiri na hakujua kama atapata mwenzi wa njia. "Basi vizuri," akasema.

Kesho yake asubuhi mwanetu alileta nyembe, bado zimo ndani ya shati, na shati limeharibika kwa mafuta. Wateja watatu walikuwa wameshafika, maana Kipaza alikuwa ameshapita. Lakini mwanetu hakuweka nyembe mezani akaondoka. Alivua koti lake, akaenda kukaa kwenye kile kiti, akaegemeza kichwa nyuma.

Mzee akamfunga shuka shingoni. Akanoa wembe taratibu, bila kutuonyesha sisi. "Pua ikiwasha," akamwambia, "sema."

"Sawa, Baba."

Akaanza chini ya kidevu, pale ambapo ndevu za mwanetu zimeanza kuwa nyeupe. Mikono ya mwanetu ilikuwa imekamata kiti mwanzoni, niliiona, halafu mmoja ukalegea, halafu wa pili. Nje, Kipaza alikuwa amepata hadhira barabarani, anawaeleza nani kapoteza kiasi gani na nani pua iliwasha, sauti yake imerudi yote, pamoja na ile ya wiki nzima aliyokuwa ameilimbikiza.

Mzee akainua wembe, akangoja kidogo, akasikiliza pumzi ya mtu aliye kitini. Kisha akaenda mlangoni kwa kunyata, akachungulia nje, akamwambia dada yake apunguze sauti, mtoto amelala.